Miguu Inayokataa Kulala

Basi la wachezaji limetoka Kampala jioni, na kufika Arua ni kilomita zipatazo 500. Kabla ya daraja la Karuma wote wanakoroma, isipokuwa beki mmoja. Anahisi kama sisimizi wanatambaa ndani ya vigimbi. Akinyoosha miguu anapata nafuu. Akitulia tu, wanarudi. Mwishowe anasimama kati ya viti, akihamisha uzito mguu hadi mguu.

Wenzake watasema ni uchovu wa mechi, au msuli umembana. Lakini msuli ukibana huuma na kuwa mgumu kama jiwe. Alicho nacho beki huyu ni ugonjwa wa miguu isiyotulia: hamu isiyozuilika ya kuchezesha miguu, inayokuja mtu anapopumzika na kuzidi usiku. Tabibu Mwingereza Thomas Willis aliueleza mwaka 1672. Karl-Axel Ekbom wa Sweden akaupa jina mwaka 1945.

Chanzo mara nyingi hakimo miguuni. Ubongo huhitaji madini ya chuma ili dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, ifanye kazi sawasawa. Chuma kikipungua, mpangilio huo huyumba.

Mwanamichezo hukipoteza kwa njia nyingi. Chukua msichana anayekimbia kila alfajiri kwenye barabara ya Koboko: kila kishindo cha unyayo hupasua chembe nyekundu za damu kidogo, jasho huchukua chake, na hedhi pia. Baada ya mazoezi makali, homoni ya hepsidini hupanda na kwa saa kadhaa huubana mlango wa kuingizia chuma utumboni. Ongeza malaria na minyoo ya safura, wageni wa kudumu West Nile, eneo la Arua na Koboko. Kisha chai nzito juu ya sahani ya majani ya kunde huzuia hata kile chuma kidogo kilichomo. Na anayetafuna mairungi (miraa) kijiweni jioni hujinyima usingizi uliosalia.

Kipimo cha kawaida cha damu kinaweza kumdanganya mwanamichezo. Hemoglobini, yenye chuma kinachotumika katika damu, ni ugali ulio mezani; feritini, akiba ya chuma mwilini, ni muhogo uliobaki ghalani. Meza inaweza kujaa leo huku ghala likiwa tupu. Kwa mwenye ugonjwa huu, wataalamu hufikiria kumpa chuma feritini ikiwa mikrogramu 75 kwa lita au chini, lakini kwa ushauri wa daktari, kwani chuma kikizidi huharibu ini.

Kwa hiyo kocha, kabla ya kumwongezea beki wako mizunguko ya uwanja ili "achoke alale", mpeleke kwanza akapimwe ghala.