Kifungio chepesi cha skii: Goti lako lina thamani kuliko gramu chache

Mto Tana unapofurika, njia za miguu kandokando ya Garsen hugeuka kuwa tope jeusi linalonata. Mguu huzama hadi kwenye kifundo, ukakwama. Mtu akigeuka ghafla kumzuia ng'ombe au kuuwahi mzigo unaomponyoka, mwili huzunguka lakini wayo haung'oki. Nguvu yote ya mzunguko huo huishia gotini. Pengine husikika mlio wa kitu kukatika, na baada ya saa chache goti limefura.

Sababu ni kwamba goti limeumbwa kukunjwa na kukunjuliwa, mithili ya bawaba ya mlango. Halikuumbwa kusokotwa. Ndani yake mna kano mbili zilizopishana kama msalaba, na ile ya mbele ndiyo hukatika zaidi mguu unapokwama huku mwili ukigeuka.

Huenda msomaji akauliza: tope la Garsen na theluji vina uhusiano gani? Mtelezaji wa skii hufunga miguu yake kwenye mbao ndefu kwa hiari yake mwenyewe. Akianguka na mbao zikang'ang'ania, goti lake hupatwa na yale yale ya mtu aliyekwama topeni.

Mchezo huu si wa wageni pekee tena. Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani, mwaka wa 1998, ingawa yeye alishiriki mbio za nyika, ambazo kisigino huachwa huru. Mwaka wa 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, jirani zetu hapa Tana River, aliteremka milima ya Pyeongchang, Korea Kusini. Tena tangu mwaka wa 2005 kuna ukumbi wa theluji chini ya paa mjini Dubai, na vijana wa Pwani wanaofanya kazi Ghuba wanaweza kuteleza huko siku ya mapumziko. Wengine wana jamaa Ulaya na Marekani wanaowakaribisha mlimani. Kwa hiyo ni vyema tufahamu jambo hili mapema.

KIFUNGIO HUFANYA KAZI MBILI

Kifungio ni kile chombo kinachoshika buti juu ya mbao ya skii. Kazi yake ya kwanza ni kushika, na ya pili, iliyo kubwa kwa afya yako, ni kuachia. Sehemu ya mbele huachia ncha ya buti kuelekea kando mguu unaposokotwa. Sehemu ya nyuma huachia kisigino kuelekea juu unapoanguka kifudifudi. Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia Marekani, alibuni kifungio cha kuachia baada ya kuvunjika mguu mwaka wa 1937. Vifungio vilivyoboreshwa tangu miaka ya 1970 vimepunguza sana visa vya kuvunjika kwa mfupa wa muundi.

Springi zilizo ndani hukazwa kwa namba, ambayo mafundi huiita kipimo cha DIN. Namba ikiwa kubwa mno, buti haitoki na mguu hulipa. Ikiwa ndogo mno, buti hutoka ovyo katikati ya mwendo, ukaanguka bila sababu. Fundi huipata namba hiyo kwa kuangalia uzito wako, urefu wako, umri, urefu wa soli ya buti, na namna unavyoteleza: kwa tahadhari, kwa wastani, au kwa kasi. Mtu mzima wa kilo 70 anayeanza kujifunza huangukia karibu na 5 au 6. Aliyetimiza miaka 50 hupunguziwa, na hali kadhalika mtoto wa chini ya miaka 10.

Basi usimdanganye fundi. Wako wanaoficha kilo zao kwa haya, na wako wanaojitia ubingwa mbele ya marafiki. Udanganyifu huo utaamuliwa na goti.

JE, WEPESI UNA FAIDA?

Unayo, ila kwa kiasi. Kifungio cha kawaida cha kuteremkia mlima huwa na uzito wa karibu kilo 1 kwa kila mguu. Kilicho chepesi zaidi huwapunguzia uchovu wanaojifunza, hasa wanaobeba mbao zao kutoka kituo hadi kwenye mteremko, na watu wenye miili midogo. Mguu uliochoka huanguka kwa urahisi, kwa hiyo wepesi si jambo la kudharau.

Hata hivyo, tazama kwanza namba. Anayeanza na mtelezaji wa kiwango cha kati hutoshwa na kifungio cha takriban 3 hadi 10, na mara nyingi hivyo ndivyo vilivyo vyepesi na vya bei nafuu. Kile cha mabingwa, chenye springi nzito, hakina faida kwako. Namba yako isiwe kwenye ncha ya chini wala ya juu ya kipimo.

Jihadhari pia na vifungio vyepesi kupita kiasi, vinavyoshika buti kwa pini ndogo za chuma. Hivyo vilitengenezwa kwa wapandao mlima kwa miguu, na vingi havina namna ile ile ya kuachia ncha ya buti. Anayejifunza asivikaribie.

Mambo mengine ya kukagua ni haya. Soli ya buti iwe ya aina inayokubaliana na kifungio. Breki, yaani vile vyuma viwili vinavyoisimamisha mbao buti ikitoka, ziwe pana kidogo kuliko mbao. Kabla ya kuvaa, kwangua theluji na uchafu chini ya buti, kwani hata barafu kidogo hubadilisha kuachia.

Kuhusu mitumba, rahisi huvunja upishi. Springi na plastiki huzeeka, na watengenezaji hufika mahali wakaacha kuvithibitisha vifungio vyao vya zamani. Ni heri kukodi vilivyopimwa kwa mashine kuliko kununua vya mtu usiyemjua. Vilivyo vyako, vipimwe kila mwaka.

KIFUNGIO HAKIZUII KILA KITU

Ile kano ya msalaba haikupata nafuu kama ya mfupa. Mara nyingi hukatika mtelezaji anapoanguka kinyumenyume magoti yamekunjwa, na mkia wa mbao ukawa wenzo wa kulisokota goti. Vifungio vingi haviachii upande huo. Kwa hiyo weka mikono mbele, usikalie visigino, na ukishaanguka usijaribu kuinuka mpaka usimame kabisa.

Goti likilia na kuvimba, acha mchezo siku hiyo. Usilikanyagie. Likande kwa barafu iliyofungwa kitambaani, kisha umwone daktari hata kama eksirei haina kasoro, kwa maana eksirei huonyesha mifupa na haionyeshi kano. Anayehitaji upasuaji aghalabu husubiri miezi 9 au zaidi kabla ya kurudi michezoni. Kwa kijana aliye ugenini ambaye mshahara wake ndio karo ya wadogo zake nyumbani, miezi hiyo ni mirefu. Hakikisha bima yako inagharimia mchezo huu kabla ya kuvaa buti.

Ukifika dukani, usiulize kwanza kifungio kina gramu ngapi. Uliza kimepimwa lini, na kitakuachia kwa namba gani.