Turubai la Pikapu na Hewa Isiyoonekana

Katika nyanda za juu za Kigoma, pikapu ni gari la kazi zote. Ile ile iliyopeleka maharage sokoni Kasulu asubuhi huweza usiku kumchukua mama mjamzito kijijini na kumfikisha hospitalini Kibondo. Kwa sababu hiyo wamiliki huiongezea vitu: mabenchi, vyuma vya kushikia, springi za mizigo na, zaidi ya yote, turubai au bodi ya kufunika nyuma, kwa kuwa kiangazi kina vumbi na masika yana mvua.

Springi za mizigo humrusharusha mgonjwa gari likiwa jepesi, na aliyevunjika mfupa atalalamika kwa haki. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko hiyo haina mshindo. Gari linapokwenda, mgandamizo wa hewa nyuma yake hushuka, na moshi wa ekzosi huvutwa kuingia chini ya turubai. Kufungua pazia la nyuma pekee hakusaidii, huukaribisha moshi.

Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Injini ya petroli huitoa kwa wingi kuliko ya dizeli. Mwaka 1992 madaktari wa Seattle, Marekani, walichapisha taarifa ya watoto 20 waliodhurika hivyo nyuma ya pikapu. Wengi walikuwa chini ya bodi iliyofungwa, wachache chini ya turubai.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na usingizi mzito. Katika mkoa wenye malaria nyingi, nani hatafikiria malaria kwanza? Kipimo cha haraka kikionyesha malaria, bado hakijaiondoa sumu hii. Kifaa cha kubana kidoleni nacho hudanganya: huweza kusoma oksijeni ya kawaida ilhali mwili umekosa. Swali la kuuliza ni rahisi: mgonjwa alisafiri wapi ndani ya gari, na je, walioketi naye nyuma wanaumwa kichwa pia, huku dereva akiwa mzima?

Anayeshukiwa atolewe kwenye hewa safi na apewe oksijeni nyingi kwa barakoa mara moja. Katika hewa ya kawaida, kiasi cha sumu damuni hupungua nusu kwa takriban saa 4 hadi 5; kwa oksijeni kamili, kwa saa moja na zaidi kidogo. Mjamzito apewe kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa mtoto tumboni huchelewa kuitoa.

Kwa mwenye gari, kazi ni ya fundi wa kawaida. Bomba la ekzosi lirefushwe mpaka lipite ukingo wa bodi, matundu ya kutu na viungo vinavyovuja vichomelewe, na sakafu izibwe. Turubai liwe na matundu ya hewa mbele na ubavuni. Injini isiachwe ikinguruma abiria wakisubiri. Chumba cha dereva kikiwa na nafasi, mjamzito aketi humo, mizigo ndiyo ikae nyuma. Kwa dharura ya uzazi, namba 115 ya mpango wa m-mama hupigwa bila malipo, na madereva wa jamii huitwa pale gari la wagonjwa linapokosekana. Magari yao nayo yanastahili kukaguliwa ekzosi.