Kibuyu Mbele ya Dirisha: Namna ya Kukipiga Kitu Picha

Mtu akipigwa picha mbaya hakosi kulalamika. Atasema macho yamefumba, ati kola imepinda, ati arudiwe. Kitu hakina kinywa. Kibuyu, kinu, kiondo au mbuzi ya kukunia nazi hukaa pale pale kilipowekwa, na picha ikitoka giza tupu, au ikiwa na doa jeupe la flashi katikati ya tumbo la kibuyu, hakuna wa kukisemea.

Nayaandika haya kwa sababu likizo i karibu na chama chetu kimekubaliana kwamba kila mwanachama alete picha ya chombo kimoja cha zamani cha kwao. Simu haturuhusiwi kuwa nazo shuleni, lakini nyumbani hukosi ya mama, ya mjomba au ya kaka. Kazi hii si mchezo. Vyombo hivi vinakwisha mbele ya macho yetu. Kibuyu cha mursik kikipasuka, mahali pake panakaliwa na mtungi wa plastiki, na anayejua kukishona kwa shanga keshazeeka. Huenda picha utakayoipiga Agosti ndiyo itakayobaki.

Wazo hili si jipya hata kidogo. Mwingereza William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alitoa kitabu chake The Pencil of Nature kwa sehemu kati ya mwaka wa 1844 na 1846. Humo alitia picha ya rafu zilizopangwa vyombo vya kaure, akaeleza kwamba mwizi akiviiba vyombo hivyo, picha inaweza kupelekwa mahakamani iwe shahidi. Lakini shahidi mwenye ukungu machoni atasaidia nini? Picha ya kiondo isiyoonyesha jinsi katani ilivyosukwa inatuambia tu kwamba palikuwa na kiondo.

Basi tuanze na mwanga, maana hapo ndipo wengi wetu hukwama. Hebu izimeni flashi kwanza. Taa hiyo iko karibu sana na lenzi, kwa hivyo mwanga wake husafiri upande ule ule inakotazama kamera. Vivuli vyote hujificha nyuma ya kitu, na kitu kisicho na kivuli huonekana bapa kama chapati. Jicho hujua kwamba kibuyu ni cha mviringo kwa kuona mwanga ukififia polepole kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Ukimnyima kivuli, umemnyima umbo.

Mwanga mwema ni ule unaotoka kando, na kila nyumba inao: dirisha. Weka meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, ukiweke chombo juu yake, nawe usimame ubavuni, dirisha likiwa mkono wako wa kushoto au wa kulia. Jikoni kusiko na dirisha, tumia mlango. Mlango ulio wazi ni dirisha kubwa kuliko yote. Kiweke chombo hatua moja au mbili ndani ya kizingiti na utashangaa. Kisha zima taa ya stima, kwa sababu mwanga wa balbu nyingi una umanjano na wa mchana una ubuluu kidogo. Vikichanganyika, simu haijui ifuate upi, na kibuyu hutoka na mashavu mawili ya rangi tofauti.

Kwa nini lisipigwe na jua? Jua liko mbali mno, kwa hivyo kwetu ni kama tundu dogo la moto, na chanzo kidogo cha mwanga hutoa kivuli chenye ukingo mkali kama wembe. Anga pana inayoingilia dirishani ni chanzo kikubwa. Kivuli chake ni laini. Mawingu nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Wenzetu wa Limuru huyalaani mawingu ya Julai na Agosti, kumbe wamepewa taa ya bure kutwa nzima! Sisi wakaazi wa karibu na ikweta tujihadhari zaidi na saa sita mchana, jua likiwa utosini: juu ya kitu huwaka, chini hubaki shimo jeusi. Kama ni lazima upige nje, piga asubuhi au jioni, au ingia chini ya upenu.

Sasa utaona kwamba upande ulio mbali na dirisha umekuwa giza mno. Dawa yake ni karatasi ya manila nyeupe. Isimamishe upande huo wa giza, nje kidogo ya picha, na mwanga utagonga karatasi na kurudi kibuyuni. Isogeze karibu, giza hupungua, iondoe, hurudi. Mmarekani Edward Weston, mwaka wa 1930, aliiweka pilipili hoho ndani ya faneli kubwa ya bati, na bati likaurudisha mwanga pande zote za mikunjo yake. Ile pilipili, ambayo picha yake huitwa Pepper No. 30, inajulikana duniani hadi leo. Pilipili hoho, jamani, ya sokoni!

Kwa kiondo au uteo, ambako uzuri uko katika ususi, acha mwanga upite ukiparuza uso wa kitu badala ya kuupiga kwa mbele. Kila uzi utatupa kivuli chake kidogo, na ususi utaonekana.

Jambo moja kamera isilolijua ni rangi ya kitu. Hukisia tu kwamba kila kilicho mbele yake ni cha wastani, wala si cheupe wala si cheusi. Chungu cheusi kwenye kitambaa cheusi kitatoka kijivu. Kibuyu kwenye shuka jeupe kitatoka kimefifia gizani. Katika simu nyingi, gusa kioo pale penye chombo, kisha telezesha kidole juu au chini mpaka rangi ifanane na unayoiona kwa macho. Ndani ya nyumba simu pia hufungua jicho lake kwa muda mrefu zaidi, hivyo mkono ukitetemeka kidogo picha huchafuka. Iegemeze kwenye vitabu, uweke saa yake ya kuhesabu sekunde chache. Na ifute lenzi, tafadhali. Imekuwa mfukoni na makombo ya mandazi.

Kuhusu mpangilio nina machache. Vitabu hupenda kufundisha kwamba picha igawanywe mara tatu kwenda chini na mara tatu kwenda kando, na kitu kiwekwe pale mistari inapokatana. Si neno baya, ila kwa chombo kimoja kilichosimama wima sioni kosa la kukiweka katikati. Kosa kubwa liko nyuma yake: kalenda ya mwaka juzi, waya wa chaja, mguu wa mtoto. Leso yenye maua makubwa nayo itagombana na shanga za kibuyu. Chukua manila ya pili, uigandishe ukutani sehemu ya juu na kuiacha iteremke kwa mkunjo hadi mezani. Ule mstari wa ukingo wa meza, unaopita shingoni mwa kibuyu kama kisu, utatoweka.

Kinu kipigwe pamoja na mchi wake, labda na konzi ya mahindi, wala si pamoja na chupa ya soda. Uteo utazame kutoka juu. Kibuyu kitazame kwa usawa wake, ukichuchumaa ikibidi. Usiisogeze simu karibu mno, kwani tumbo la kibuyu litavimba. Rudi nyuma hatua moja, kisha kuza kidogo.

Kabla ya yote mwombe nyanya ruhusa, umuulize chombo husimamaje na kinaitwaje. Andika jina lake kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, kazi yake, na aliyekitengeneza kama anajulikana. Piga picha moja ya ziada yenye rula kando yake. Picha zote zimfikie mhariri wiki ya kwanza ya muhula ujao.