Jemadari na Siasa: Nani Humfungulia Mlango?

Katika kila nchi iliyo huru yuko mtu mmoja ambaye neno lake huweza kusogeza vifaru usiku na kuvirudisha kabla ya alfajiri. Huyo ni Mkuu wa Majeshi. Hakuchaguliwa na wananchi, wala haombi kura katika mikutano ya hadhara, na raia wa kawaida hamwoni ila siku za gwaride. Lakini historia ya Afrika tangu 1960 imetuonyesha kwamba mtu huyu, akitaka au akitakiwa, huweza kuibadili serikali kwa muda mfupi kuliko ule unaohitajiwa kuhesabu kura za jimbo moja. Kwa hivyo si utovu wa adabu, wala si uchochezi, kuuliza: nguvu za kisiasa za jemadari hutoka wapi, na nani humfungulia mlango?

Wengi hujibu kwamba hutoka katika bunduki. Sisi haturidhiki na jawabu hilo. Bunduki zimo katika kila nchi, lakini si kila nchi hupinduliwa. Tunaamini kwamba mara nyingi jemadari huingia katika siasa kwa kualikwa, na anayemwalika ni mwanasiasa mwenyewe.

Turudi nyuma hadi mwezi wa Januari 1964. Tarehe 12 yalitokea Mapinduzi hapa Visiwani. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 wakaasi wenzao wa Jinja, Uganda, na kesho yake wale wa Lanet, Kenya. Madai yao yalifanana: mishahara iongezwe, na maafisa wa Kiingereza waondoke. Serikali zote tatu zililazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza, jambo lililokuwa chungu kwa nchi zilizokuwa zimejitawala juzi tu.

Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini dawa hazikuwa moja. Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lile lote, na Septemba 1, 1964, likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lenye vijana wapya na mafunzo mapya. Uganda ilichagua njia iliyoonekana nyepesi: ilikubali nyongeza kubwa ya mishahara, na maafisa wa Kiafrika wakapandishwa vyeo kwa haraka. Hapo askari wa Uganda alipata somo ambalo hakulisahau, nalo ni kwamba serikali hutishika.

Miongoni mwa maafisa ambao nyota zao zilipaa wakati ule alikuwamo Idi Amin, aliyeanza utumishi wake katika King's African Rifles mwaka 1946. Mwezi wa Februari 1966 Bunge la Uganda lilitaka asimamishwe kazi ili ichunguzwe habari ya dhahabu iliyotoka Kongo. Katika nchi yenye desturi njema, afisa wa jeshi angelijibu tuhuma zake mbele ya uchunguzi. Lakini Waziri Mkuu, Bwana Milton Obote, ambaye naye alikuwa ametajwa katika shauri lile, aliwakamata mawaziri wake watano, akaisimamisha Katiba, na akamkabidhi Amin uongozi wa jeshi. Mei 24 ya mwaka ule ule, jeshi lilishambulia jumba la Kabaka huko Mengo, na Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, alikofariki mwaka 1969.

Tuzingatie vizuri jambo hili. Siku ile si Amin aliyejiingiza katika siasa. Aliitwa. Ugomvi uliokuwa wa Bunge na Baraza la Mawaziri ulihamishiwa kambini, na tangu hapo mwenye kuamua akawa ni yule mwenye mizinga. Januari 25, 1971, Rais Obote alipokuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, jemadari wake aliitwaa nchi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Yaliyofuata tunayajua, kwani sehemu yake ililipwa kwa damu ya vijana wetu. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, mikononi mwa majeshi ya Tanzania yakiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni.

Mtu angelidhani kwamba Bwana Obote, aliporudi madarakani Desemba 1980, alikuwa amejifunza. La, haikuwa hivyo. Mnadhimu Mkuu wake, David Oyite-Ojok, alipokufa katika ajali ya helikopta Desemba 1983, nafasi ile ilikaa wazi kwa miezi mingi, kisha akapewa Smith Opon Acak, ambaye ni Mlango kama Rais mwenyewe. Maafisa wa Kiacholi waliona kwamba cheo kimegawiwa kwa kabila, si kwa haki. Julai 27, 1985, Obote alipinduliwa mara ya pili, na Jenerali Tito Okello akakaa kitini. Miezi sita haikutimia, jeshi la msituni la Yoweri Museveni likaitwaa Kampala. Mtu mmoja alipinduliwa mara mbili na majemadari wake mwenyewe! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya bara na hayatuhusu watu wa Visiwani. Ndugu zetu wa Komoro ni watu wa visiwa kama sisi, na damu yao na yetu imechanganyika kwa karne nyingi. Wao walipinduliwa mwezi mmoja tu baada ya kujitangazia uhuru mwaka 1975. Mwaka 1997 Nzuwani ilitangaza kujitenga. Wanasiasa waliposhindwa kuumaliza ugomvi huo, na ghasia zilipozuka Moroni, Mkuu wa Majeshi, Kanali Azali Assoumani, alitwaa madaraka Aprili 30, 1999, akisema anaiokoa nchi isisambaratike. Aliyaacha mwaka 2006, na mwaka 2016 akarudi kwa njia ya kura. Somo lake kwetu ni wazi: pale ambapo visiwa na visiwa, au kisiwa na bara, hawasikilizani kwa maneno, jemadari hupata sababu ya kusema.

Je, Tanzania imesalimika kwa bahati? Hapana. Wala hatudai kwamba askari wetu ni malaika. Mwaka 1983 walikamatwa maafisa wa jeshi na raia kwa tuhuma za njama ya kuipindua Serikali, na baadhi yao wakapatikana na hatia. Lakini nchi ilisimama kwa kuwa ilikuwa na desturi iliyokwisha kuota mizizi. Mfano wake mkubwa ni Jenerali David Musuguri. Huyu aliongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Uganda, akarudi mshindi, akawa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980. Katika nchi nyingine, ushindi kama ule ungelikuwa ngazi ya kupandia Ikulu. Yeye alitumikia hadi 1988, akastaafu, akarudi kwao Butiama, na akafariki mwaka 2024 akiwa mzee wa miaka 104.

Ni kweli kwamba katika zama za chama kimoja askari alikuwa pia mwanachama, na siasa ilifundishwa kambini. Mfumo wa vyama vingi ulipoanza mwaka 1992, ilibidi mlango huo ufungwe. Leo Katiba, katika ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cho chote cha siasa, ila inamhifadhia haki ya kupiga kura. Sheria hiyo ni njema. Lakini sheria hulindwa kwa vitendo.

Hapa ndipo penye wasiwasi wetu. Kabla ya uchaguzi wa 2010, Mnadhimu Mkuu wa wakati ule, Luteni Jenerali Abdulrahman Shimbo, alijitokeza hadharani kuvitaka vyama vikubali matokeo. Katika ghasia za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, askari wa jeshi walionekana mitaani Dar es Salaam, na Mkuu wa Majeshi, Jenerali Jacob Mkunda, akatoa tamko. Nia inaweza kuwa ni amani, na hatumtilii mtu ye yote maneno kinywani. Lakini sauti ya jemadari katika siku za kura haiwi nasaha tu, hata akiipunguza vipi. Mpiga kura wa Micheweni au wa Makunduchi aisikiapo, huuliza: anaambiwa nani? Na akishauliza hivyo, kura yake imekwisha kuingiwa na khofu.

Upande wa pili wa mizani tuuweke Machi 2021. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 akiwa madarakani, jambo ambalo halijapata kutokea katika Jamhuri ya Muungano. Siku mbili baadaye, kwa mujibu wa ibara ya 37 ya Katiba, Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, alikula kiapo. Jeshi, chini ya Jenerali Venance Mabeyo, lilimtii Amiri Jeshi Mkuu wake mpya. Hapakupigwa risasi, wala redio haikupiga muziki wa gwaride usiku kucha. Huo ndio ushawishi mkubwa kabisa wa kisiasa anaoweza kuwa nao Mkuu wa Majeshi: kusimama mahali pake siku ambayo wengine wangelisogea.

Basi tunawaomba viongozi wetu, wa Serikali zote mbili, wayazingatie mambo matatu. Kwanza, vyeo vya jeshi vitolewe kwa utumishi na uwezo, visigawiwe kwa ukabila, udugu wala urafiki. Pili, ugomvi wa siasa uamuliwe na wanasiasa, mahakama na wapiga kura. Usalama wa mitaani ni kazi ya polisi, na jeshi liitwe pale tu ambapo sheria inasema liitwe. Tatu, ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hivyo Wabunge kutoka pande zote mbili wana haki na wajibu wa kuuliza juu ya fedha na matumizi ya jeshi, na wanapouliza wasihesabiwe kuwa ni maadui.

Nasi wananchi tuna letu. Tusimtamani jemadari kila tunapowachoka wanasiasa. Waganda waliosherehekea katika mitaa ya Kampala Januari 1971 walikuwa na sababu zao za kumchoka Obote. Iliwachukua miaka minane kumwondoa waliyempokea kwa vigelegele.