Dawa ya Mbwa Haimfai Paka

Katika maduka mengi ya dawa za mifugo, rafu ya dawa za viroboto na kupe imejaa za ng'ombe, kuku na mbwa. Paka hukumbukwa mwisho. Basi mwenye paka hutoka pale na dawa ya mbwa, akijiambia atapaka nusu tu, au na dawa ya josho atakayoizimua kwa maji. Tafadhali, usifanye hivyo.

Hatari kubwa ni permethrini, kemikali iliyobuniwa Uingereza, ikatangazwa mwaka 1973, kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile lile linalolimwa Molo na Mafinga. Ini la mbwa huivunja. La paka lina upungufu wa vimeng'enya vya kazi hiyo, hivyo sumu hubaki mwilini ikishambulia neva. Dawa za mbwa za kudondoshea mgongoni huweza kuwa na permethrini asilimia 45 au zaidi, na kiasi kidogo tu chaweza kumuua paka mzima. Hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa ni hatari. Amitrazi ya josho nayo mwepushe nayo, na mafuta ya mkaratusi vilevile, maana kila unachompaka paka atakilamba.

Picha ya paka kwenye boksi haitoshi. Soma kiambato, uzito na umri. Fipronili ya paka huua viroboto na kupe. Selamektini ni nzuri kwa viroboto, ila kwa kupe wa paka usiitegemee. Tenganisha manyoya nyuma ya shingo, udondoshe kwenye ngozi, mahali ulimi haufiki. Kwa mtoto wa paka ambaye hajatimiza wiki 8, mimi nashauri chanuo lenye meno yaliyobanana na bakuli la maji ya sabuni la kuzamishia viroboto. Mikeka na matandiko yafuliwe pia, kwani mayai ya kiroboto huanguka huko.

Kama dawa ya mbwa imeshampata, usingoje dalili. Huweza kuchelewa saa kadhaa. Muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike apate joto, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo pamoja na boksi la dawa. Akiwa ameanza kutetemeka au degedege, acha kuosha, nenda moja kwa moja. Wanaowahishwa, wengi hupona ndani ya siku chache.