Pua Iko na Jam ya Thika Road

Wasee wa pua. Najua mko. Nyinyi ndio mnaamka na chafya za mfululizo, macho red, mkifika job mnaulizwa sherehe ilikuwa wapi. Zii, buda. Ni vumbi ya Nai tu.

Na usijaribu kuambia shosh. Shosh anajua dawa moja tu: sweta. Chafya? Sweta. Kichwa? Sweta. Ukiwa umeivaa, basi shida ni zile soda baridi. Halafu unafunikwa blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini, unatoka hapo umechemka, pua bado imelock.

Saa hii kitu inatrend ni acupressure. Kubonyeza point fulani za mwili, mambo ya Wachina wa kitambo, sindano hakuna, ni vidole tu. Na ushaionja bila kujua. Kinyozi! Ile time umemaliza kunyolewa, msupa anakuja na taulo moto, anakukanda paji, anabonyeza kati ya nyusi, anashuka kando ya pua, mara paap, unaskia aftershave ya msee wa kiti ingine. Soo mbili, soo tatu, umetoka fresh. Spa za Kilimani nazo zinakuuzia vidole hivyo hivyo kwa mathao, wameongeza mshumaa na sauti ya maji kwa spika. Maji kwa spika! Na kejani mfereji imekauka tangu Jumanne.

Cheki ya bure. Osha mikono kwanza, ju hivyo vidole vimetoka kushika vyuma vya nganya. Weka vidole vya shahada kando ya mashimo ya pua, pale mkunjo wa kucheka unaanzia. Kuna kabonde hapo, Wachina wanaita Yingxiang. Bonyeza hadi uskie kauchungu katamu, zungusha polepole, pumua, dakika moja hivi. Panda kati ya nyusi, Yintang, story ni ile ile. Malizia nyuma, pale fuvu inakutana na shingo, kuna vishimo viwili: Fengchi. Hapo ingiza vidole gumba, funga macho, sahau rent. Kuna pia Hegu, ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Dem akiwa na ball aiwache, hata wenye hiyo kazi wanaikataza. Na nyinyi wa kucha za gel, tumieni nundu za vidole, tusitoboane.

Noma ni moja: usifanye hii kwa mat. Kutoka kiti ya nyuma hakuna mtu anaona Yingxiang. Wanaona msee anachimba pua. Kama crush wako amekaa hapo, hiyo imeenda.

Inafanya kazi? Kiasi. Allergy ikiamka, mwili unamwaga histamini, mishipa ya damu ndani ya pua inafura. Ndio maana unapenga, unapenga, na hakuna kitu inatoka. Kubonyeza kunakupea afueni ya muda, uso unalegea, unapata usingizi. Utafiti uko lakini mdogo mdogo, na allergy yenyewe haiendi mahali. Msee akikuuzia package ya "kumaliza allergy kabisa", mblock.

Halafu mwache kusingizia jacaranda kila Oktoba. Mnaionea. Chavua yake inabebwa na nyuki. Ile inakusumbua mara nyingi ni ya nyasi, inapeperushwa na upepo. Na kuna vijidudu vya vumbi vinaishi kwa mattress yako bila kulipa rent. Fua mashuka, anika blanketi kwa jua, toa hiyo carpet ya mitumba.

Zile spray za chemist za kufungua pua papo hapo, siku tatu nne halafu wacha. Ukizidisha, pua inajifunga kuliko mwanzo, na umekuwa customer wa kudumu. Piriton nayo itakulaza hadi stage ya mwisho; uliza mfamasia zile hazilazi sana.

Na kifua ikianza kupiga mluzi, ama pumzi inakataa kuingia, wachana na mambo ya vidole. Enda hosi leo, usingoje weekend.