Tiketi ya bure New York hailipiwi fedha, hulipiwa muda

TIKETI ya kutazama tamthilia za Shakespeare katika bustani ya Central Park, jijini New York, haina bei. Hata hivyo, kila msimu wa kiangazi wapo wengi wanaorudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa ukumbi wa wazi wa Delacorte una viti takriban 1,800 tu, ilhali jiji lina wakazi zaidi ya milioni 8.

Njia kongwe ya kuipata ni foleni. Bustani hiyo hufungwa saa 7 usiku na kufunguliwa saa 12 asubuhi, hivyo wenye shauku hujipanga nje kabla ya mapambazuko. Ugawaji huanza saa 6 mchana, na kila aliyepanga hupewa tiketi zisizozidi 2 za onyesho la usiku uleule. Kumshikia nafasi mtu ambaye hajafika ni marufuku.

Mvumilivu hula mbivu, lakini si kila mvumilivu ana ruhusa ya mwajiri. Kwa sababu hiyo, taasisi ya Public Theater, inayoandaa maonyesho hayo, imeongeza njia nyingine. Katika msimu wa 2025, waliokuwa kazini waliweza kujiandikisha katika bahati nasibu kwa njia ya intaneti siku ileile ya onyesho. Aidha, sehemu ya tiketi ziligawiwa katika vituo vya jamii nje ya bustani, zikiwamo wilaya za Bronx, Queens na Brooklyn, ili wakazi wa mbali wasilazimike kusafiri alfajiri. Jioni ilikuwapo foleni ya wanaosubiri nafasi zitakazobaki wazi.

Utaratibu huu mgumu una chimbuko lake. Mwanzilishi wa maonyesho hayo, Joseph Papp, aliamini kwamba tamthilia bora ni haki ya kila mkazi, kama zilivyo maktaba za umma. Mwaka 1959, Robert Moses, kamishna wa bustani za jiji mwenye nguvu kubwa, alimtaka atoze kiingilio ili kugharimia nyasi zilizokanyagwa na watazamaji. Papp alikataa, akaenda mahakamani na kushinda. Ukumbi wa Delacorte ulifunguliwa mwaka 1962, na hadi leo haujauza tiketi mlangoni.

Lakini kitu kisicho na bei huwavutia walanguzi. Mwaka 2010, Al Pacino alipoigiza Shylock katika ukumbi huo, ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York iliingilia kati kuzuia uuzaji wa tiketi hizo mtandaoni. Wapo pia wanaopata viti bila kupanga foleni: wafadhili wanaotoa mchango wa fedha hutengewa nafasi. Taasisi hutegemea michango ili wengine waingie bure, lakini kila kiti kinachotengwa hupunguza kimoja kwa waliokesha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, suala hili halipo mbali sana. Baada ya ukarabati uliogharimu takriban dola milioni 85, ukumbi ulifunguliwa upya Agosti 2025 kwa tamthilia ya Twelfth Night, iliyoongozwa na Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Lupita Nyong'o na nduguye Junior waliigiza ndugu pacha waliotenganishwa na ajali ya meli, na baadhi ya maneno yao jukwaani yalikuwa ya Kiswahili.

Anayepanga kuzuru New York wakati wa kiangazi na achague kulingana na alichonacho. Mwenye siku nzima awahi foleni pamoja na maji, chakula na kitabu. Mwenye saa chache ajaribu bahati nasibu kila siku. Lakini asinunue tiketi kwa mtu yeyote, kwani atakuwa amelipia kitu ambacho Papp alikwenda mahakamani ili kisilipiwe.